Mbele joto, nyuma baridi: kutafuta hitilafu ya hita na AC kwenye Noah, Hiace na Alphard

Gari linaloondoka Kyela saa saba mchana linadai AC. Likifika Isyonje limeshaingia kwenye ukungu, na abiria wa siti ya nyuma anauliza kama hita ipo. Ni hivyo hivyo kwa anayepita Ruaha Mbuyuni jua likiwaka, akapanda Kitonga na kuendelea Mafinga hadi Njombe mwezi wa Julai. Nyanda za juu kusini zinalipima gari pande zote mbili siku hiyo hiyo. Hitilafu ambayo Dar es Salaam ingekaa miaka bila kuonekana, hapa Uyole inajitokeza wiki ya kwanza.

Malalamiko yanayoletwa gereji ni yale yale, na mengi yanamalizwa bila kufungua dashibodi, mradi uanze na swali moja: tatizo liko upande mmoja wa gari au pande zote mbili?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya jinsi mfumo ulivyopangwa. Mbele na nyuma ni vyumba viwili vinavyokula chungu kimoja. Joto la hita lote linatoka kwenye maji ya injini, yanayosukumwa na pampu moja. Ubaridi wote unatoka kwenye kompresa moja (pampu inayosukuma gesi ya AC) na gesi moja. Kila upande una vitu vyake pia: feni, fyuzi, swichi, tawi la mipira ya maji au bomba la gesi, rejeta ndogo ya hita, evaporeta (rejeta ya ubaridi) na ekspansheni valvu (mlango mdogo wa kuingizia gesi kwenye evaporeta). Pande zote mbili zikigoma, tafuta kwenye vya pamoja. Upande mmoja ukigoma, usimruhusu mtu ajaze gesi wala kubadilisha pampu ya maji kabla hajakagua vya upande huo.

Kipimo cha kwanza: shika mipira ya hita

Endesha dakika 15 hadi 20 mpaka mshale wa joto utulie mahali pake pa kawaida. Simamisha gari, weka hita kwenye joto la mwisho, feni ya chini. Tafuta mipira miwili inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Kwenye Hiace na Noah ya zamani, ambazo injini iko chini ya siti za mbele, utaifikia kwa kunyanyua siti au kwa kuinama chini ya gari. Iguse kwa tahadhari, kwa kitambaa, huku vidole viko mbali na feni na mkanda.

Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanazunguka na kosa liko upande wa hewa: feni, vilango vya kugawa hewa au kichujio. Mmoja moto na mwingine vuguvugu, rejeta ya hita imeziba au imeshika hewa. Yote miwili vuguvugu, injini yenyewe haipati joto, au maji ni pungufu, au koki ya hita imefungwa. Kwa hita ya nyuma rudia kipimo hicho kwenye mabomba yanayopita chini ya sakafu.

Hita haitoi joto, mbele wala nyuma

Sababu inayoongoza ni maji kupungua. Rejeta za hita ziko mbali na ziko juu, kwa hiyo ndizo za kwanza kukosa maji kiwango kinaposhuka, hata kabla mshale haujapanda. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, siyo kile cha tangi dogo la akiba peke yake. Tangi la akiba linaweza kujaa wakati rejeta ni tupu, kwa sababu kifuniko kibovu hakivuti maji kurudi. Maji yanatakiwa yaonekane shingoni. Ukijaza na wiki ijayo yamepungua tena, kuna mahali yanakwenda: tafuta alama nyeupe au nyekundu za kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) iliyokauka kwenye mipira, pampu, na mabomba ya hita ya nyuma.

Ya pili, ambayo kwa huku pengine inakaribia kuwa ya kwanza, ni themostati iliyotolewa, yaani ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Gari lilichemsha siku moja, fundi akatoa themostati ili "maji yapite vizuri", na mwenye gari hakuambiwa. Pwani hutahisi kitu. Ukilipeleka kwenye baridi ya Makete, injini haifiki joto lake: hita inatoa hewa vuguvugu, mafuta yanaliwa zaidi kwa sababu kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama ya injini baridi, na chini ya kifuniko cha oili panaanza kuonekana uji wa rangi ya maziwa kutokana na unyevu usiokauka. (Uji huo ukiwa mwingi, na maji yanapungua pia, usiulaumu unyevu peke yake, soma kuhusu gasketi ya silinda hedi hapo chini.)

Kuipima bila kufungua kitu: asubuhi injini ikiwa baridi, washa gari ukishika mpira wa juu wa rejeta. Themostati nzima inauacha ubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu ghafla unapata moto. Ukiona unapanda joto kidogo kidogo tangu mwanzo, themostati haipo au imekwama wazi.

Themostati nyingi za Toyota zimegongwa namba 82, yaani huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 za Selsiasi, na hufunguka kabisa karibu na 95. Hapa kuna mtego kwa wanaoipima kwenye sufuria. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Kitulo, juu ya mita 2,600, ni kama 91. Themostati nzima inaweza isifunguke hadi mwisho kwenye sufuria yako, na si mbovu. Angalia tu kama inaanza kufunguka kabla maji hayajachemka na kama inajifunga ikipoa. Unapoifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kiwe juu ili hewa ipite, na weka gasketi mpya ya mpira.

Baada ya hapo ndipo uangalie koki ya hita, kwenye magari yenye koki. Hiace za zamani zina koki inayovutwa na waya kutoka kwenye swichi ya dashibodi. Waya ukichomoka au koki ikishika kutu, swichi itacheza lakini maji hayapiti. Isukume kwa mkono injini ikiwa imepoa. Mara nyingi ndiyo matengenezo yote.

Inayofuata ni rejeta ya hita iliyoziba. Wa kulaumiwa hapa ni maji ya bomba au ya mto yaliyojazwa miaka mingi bila kulanti; kutu ya injini inasafiri na kutulia kwenye vijinjia vyembamba vya rejeta ya hita. Chomoa mipira yote miwili, unganisha mpira wa kumwagilia bustani kwenye tundu la kutokea, na sukuma maji kinyume na njia yake ya kawaida mpaka yatoke masafi, kisha upande mwingine, kisha kinyume tena. Usitumie upepo wa kompresa ya gereji kwa nguvu zote. Rejeta ya hita haikuundwa kwa presha hiyo, ikipasuka dashibodi nzima inashuka. Ukimaliza, jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Kulanti si ya barafu tu, ingawa Kitulo na Njombe umande huganda asubuhi za baridi; kazi yake kubwa kwako ni kuzuia kutu.

Magari ya dizeli yana lao. Dizeli ikiwa silensa tu (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) haitengenezi joto la kutosha, na kwenye mteremko mrefu kama wa Isyonje kwenda Tukuyu hita inaweza kupoa bila kosa lolote. Hiace nyingi za dizeli zina kitufe cha kupandisha silensa wakati wa kupasha gari joto. Kibonyeze kabla hujaita fundi.

Mbele joto safi, nyuma baridi

Kabla ya yote, hakikisha hita ya nyuma ipo. Baadhi ya magari yaliyoingizwa kutoka Japan yana AC ya nyuma lakini hayana hita ya nyuma. Yaliyotengenezwa kwa matumizi ya mikoa ya baridi kama Hokkaido kwa kawaida huwa nayo. Swichi ya nyuma yenye feni na ubaridi tu, bila alama nyekundu, ni dalili. Uthibitisho uko chini ya gari: mabomba mawili ya maji yanayotoka injini kwenda nyuma. Kama hayapo, hakuna cha kutengeneza, na bei aliyokutajia mtu ya "kuifufua" hita hiyo ni ya kubuni.

Ikiwa mabomba yapo, angalia kama yamefungwa. Hili linakutwa mara nyingi mno. Mabomba ya chuma chini ya sakafu yakishaoza kwa kutu, hasa kwa magari yaliyoishi kwenye chumvi ya barabara za theluji, fundi anakata tawi la nyuma na kuunganisha mpira mmoja uliokunjwa kama herufi U karibu na injini. Uvujaji unakwisha, na hita ya nyuma inakufa kimya kimya. Kulirudisha, badilisha mabomba yote mawili pamoja, siyo kipande kilichotoboka tu, kwani pacha wake ana umri ule ule. Mpira wa kawaida wa maji usipitishwe karibu na bomba la ekzosi.

Mabomba mazima, maji yapo, lakini nyuma hakuna joto: hiyo ni hewa. Tawi la nyuma ni refu, na hewa hukaa humo baada ya kazi yoyote iliyomwaga maji. Itoe hivi:

1. Injini iwe imepoa kabisa. Egesha gari kwenye kilima kidogo, pua ikitazama juu, weka jiwe kwenye tairi na vuta breki ya mkono. Mbeya hukosi mahali pa kufanyia hivyo.
2. Fungua kifuniko cha rejeta, jaza. Weka hita ya mbele na ya nyuma kwenye joto la mwisho, feni zote kwenye namba moja.
3. Washa. Acha injini ipate joto ukiwa unaongeza kulanti kila kiwango kinaposhuka. Ukandamize mpira wa chini wa rejeta mara kwa mara kwa kitambaa, mapovu yatapanda.
4. Themostati ikishafunguka, shikilia mwendo wa injini kati ya mizunguko 1,500 na 2,000 kwa dakika chache, mpaka mapovu yakome.
5. Funga kifuniko, endesha kilomita chache, acha ipoe, ongeza tena. Rudia siku ya pili.

Kama nyuma bado, subiri injini ipoe, legeza klipu ya mpira wa kurudisha maji kwenye hita ya nyuma mpaka maji yatoke bila kukohoa, kisha kaza. Usilegeze klipu hiyo injini ikiwa ya moto. Maji yenye presha yanaunguza papo hapo.

Sababu zinazobaki ni za umeme: fyuzi ya feni ya nyuma, swichi, au mota yenyewe iliyojaa vumbi, kwa kuwa iko chini ya siti na kila mfuko wa viazi unaopakiwa unaiachia udongo. Feni isipozunguka, rejeta itakuwa ya moto lakini joto litabaki pale pale.

Joto linakuja na kuondoka

Gari likipanda, hita inapoa. Likishuka, inarudi. Fikiria kwanza maji pungufu na hewa, kama juu. Kisha kifuniko cha rejeta. Kifuniko kinashikilia presha ili maji yachelewe kuchemka. Vingi vya Toyota vimeandikwa 0.9 au 1.1 (presha yake, karibu sawa na bar). Kikiwa kizima, maji ya gari Mbeya hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Kikiwa kimechoka, yanachemka kwenye 94 ile ile ya sufuria, yaani pale pale feni ya rejeta inapoanza kufanya kazi. Ndiyo maana gari lililokuwa zima Morogoro linatokota Kitonga. Kifuniko ni spea ya bei ndogo. Nunua chenye namba ile ile, usipandishe.

Mkanda unaoteleza na pampu ya maji iliyolika meno ni nadra zaidi, ila vipo.

Halafu kuna gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Dalili zake: mapovu yasiyokoma kwenye shingo ya rejeta hata baada ya kutoa hewa, mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha gari baridi, maji yanapungua bila kuvuja nje, moshi mweupe wenye harufu tamu. Ukiona mbili kati ya hizo, simamisha gari. Usijaribu kulifikisha Makambako kwa kuongeza maji njiani. Hii si kazi ya kando ya barabara; hedi inatakiwa ifunguliwe na ipimwe unyoofu kwa fundi mwenye vifaa.

Mshale ukipanda ghafla ukiwa mlimani: zima AC, fungua hita zote mbili hadi mwisho na feni juu, vioo chini. Hita inakuwa rejeta ya ziada na inaweza kukufikisha mahali pa kuegesha salama. Kifuniko kisiguswe kabla ya nusu saa.

Vioo vinaweka ukungu ndani

Mara nyingi si ubovu. Kitufe cha hewa ya ndani kimeachwa kimewashwa, pumzi za abiria wanane hazina pa kutokea. Fungulia hewa ya nje, elekeza kwenye kioo, washa AC *pamoja na* hita. Madereva wengi wanashangaa kuwasha AC kwenye baridi ya Mufindi, lakini evaporeta ndiyo inayokamua unyevu hewani na hita inaipasha tena hewa hiyo ikiwa kavu.

Ukungu ukiwa na mafuta, unaoteleza kwa kidole na wenye harufu tamu, na zulia la miguuni pa abiria wa mbele limelowa, rejeta ya hita inavuja. Kwa dharura inaweza kuunganishwa mpira wa kuizunguka. Kuibadilisha ni kushusha dashibodi, na humo mna nyaya za mifuko ya hewa ya usalama. Mpe fundi anayejua kuchomoa betri kwanza na kusubiri.

AC baridi upande mmoja tu

Nyuma ikigoma: kwenye gari nyingi AC ya nyuma haiwaki mpaka ya mbele iwashwe, na kuna swichi ya kuiruhusu dashibodini. Hilo peke yake linamaliza kesi nyingi. Kisha fyuzi, kisha feni. Kisha pasua shaka kwa kugusa mabomba ya evaporeta ya nyuma AC ikiwa inafanya kazi: bomba nene liwe baridi na lenye jasho. Nene likiwa la kawaida wakati la mbele ni baridi, gesi haipiti nyuma. Ekspansheni valvu ya nyuma imeziba, au solenoidi (valvu ya umeme), kwa zilizo nayo, haifunguki. Kuganda barafu mahali pamoja tu kwenye bomba kunaonyesha penye kuziba.

Gesi ikipungua kidogo, upande mmoja huanza kudhoofika kabla ya mwingine, kwa hiyo dalili hii inaweza kukudanganya ukadhani ni kosa la upande. Tafuta mafuta yaliyoshika vumbi kwenye maungio ya bomba. Mabomba ya aluminiamu yanayokwenda nyuma hugongwa na mawe kwenye barabara za vumbi, na pale yanaposhikwa na klipu iliyolegea hujisaga yenyewe mpaka yatoboke.

AC inawaka Kyela, haiwaki Makete

Acha kama ilivyo. Swichi ya presha inakata kompresa presha ikishuka chini ya kama bar 2, ili kuilinda isizunguke bila gesi. R-134a, yaani gesi ya AC, kwenye nyuzi sifuri inakuwa na presha ya karibu kiasi hicho hicho, hata kama imejaa sawasawa. Kwa hiyo asubuhi ya umande ulioganda kompresa inagoma kwa haki, na saa nne jua likitoka inawaka. Anayekuongezea gesi asubuhi hiyo anakupa gesi iliyozidi, na utaijua siku utakayoshuka kwenye joto la Matema na AC ikaanza kukata kwa presha kubwa.

AC dhaifu pande zote

Anza na uchafu. Kondensa (rejeta ya kupozea gesi ya AC) iko mbele ya rejeta ya maji, na baada ya msimu wa vumbi imejaa udongo na wadudu. Ioshe kwa maji ya kawaida kutoka ndani kwenda nje, usitumie mashine ya presha kwa karibu maana inalaza mapezi yake. Angalia feni ya kondensa inazunguka AC ikiwaka. Toa kichujio cha hewa ya ndani, mara nyingi kiko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Kikiwa cheusi, badilisha.

Kompresa isipodaka, sikiliza "tak" ya klachi unapobonyeza kitufe. Hakuna mlio: fyuzi, rilei, swichi ya presha, au gesi imekwisha. Mlio upo lakini klachi inateleza gari likipata joto: mwanya wake umepanuka. Uwe kati ya milimita 0.3 na 0.6, upime kwa geji ya bapa.

Gesi iwe kazi ya fundi AC mwenye geji na mizani. R-134a ikigusa ngozi au jicho inagandisha. Ila wewe uliye mteja ujue mambo matatu ya kumuuliza. La kwanza, anajaza kwa uzito? Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti au karibu na kondensa, na gari la AC mbili linabeba gesi nyingi zaidi kuliko la AC moja. Kujaza kwa kuangalia geji peke yake katika baridi ya huku ni kubahatisha. Namba za vitabu vya Toyota, bar 1.5 hadi 2.5 upande wa chini na 14 hadi 16 upande wa juu, ni za hewa ya nyuzi 30 hadi 35. Mbeya mwezi wa sita huipati hali hiyo, na presha zitasoma chini bila kosa.

La pili, amevuta hewa yote kwa pampu walau nusu saa kabla ya kujaza? Na hapa mwinuko unaingia tena: kwa mita 1,700 geji haiwezi kufika inchi 29 za zebaki zilizoandikwa kwenye maelekezo ya pampu. Ikifika 24 na nusu hivi, ndio mwisho. Kinachopimwa ni kama sindano inabaki pale pale dakika 15 baada ya kufunga koki. La tatu, ameongeza mafuta ya kompresa kiasi cha kilichopotea? Jibu la "hayahitajiki" baada ya bomba kupasuka ni sababu ya kutafuta fundi mwingine.

Feni, maji ya kudondoka, na tik-tik

Feni inayofanya kazi namba ya mwisho tu: rezista (kifaa kinachopunguza mwendo wa feni) imeungua. Iko ndani ya njia ya hewa karibu na mota, skrubu mbili. Ukibadilisha, angalia soketi yake pia. Ikiwa imeyeyuka na mota ni nzito kuzungusha kwa mkono, rezista mpya itaungua vile vile. Fyuzi iwekwe ya namba iliyoandikwa. Waya wa shaba mahali pa fyuzi umeshachoma magari.

Maji yanayodondoka kwa abiria AC ikiwaka ni mfereji wa evaporeta ulioziba. Tafuta kimrija chini ya gari, kipulize au kipitishie waya laini. Kwa evaporeta ya darini kimrija kinashuka kwenye nguzo ya pembeni hadi chini, na nyigu hupenda kujenga humo.

Mlio wa tik-tik nyuma ya dashibodi ukibadilisha joto, au kwenye Alphard upande wa dereva joto na wa abiria baridi: mota ndogo ya kilango imevunjika jino. Mipira ikiwa ya moto yote miwili, usiende kwenye maji kabisa. Nenda kwenye mota hiyo.

Kulala ndani ya gari

Wanaosubiri usiku foleni ya Tunduma au wanaoegesha Makambako huuliza hita gani inafanya kazi injini ikiwa imezimwa. Hakuna kati ya hizi. Vihita vya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti havisaidii: tundu lenye fyuzi ya ampea 15 kwa volti 12 linatoa wati 180 tu, na linachosha betri.

Usilale injini ikiwa inanguruma vioo vimefungwa, zaidi sana kama mpira wa mlango wa nyuma umechakaa au ekzosi imetoboka, kwa sababu moshi unavutwa ndani. Na jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata likiwa limebaki makaa mekundu yasiyo na moshi. Hewa yake yenye sumu haina harufu na huua waliolala. Kichwa kinachouma ghafla, kichefuchefu na usingizi mzito kwa watu wawili au zaidi kwa pamoja: fungueni milango, tokeni nje wote, na mwende hospitali hata mkijisikia nafuu baada ya dakika chache. Gari hilo lisilaliwe tena mpaka ekzosi na mipira ya milango ikaguliwe.